Mganga wa Watu wa Baridi

Chelel alipolia mara ya kwanza, Linet Jepkosgei aliongeza sauti ya hedfoni. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mbele yake, kwenye laptopu iliyowekwa juu ya meza ya chakula, joka la mwisho lilikuwa limeanza kutema moto, na watu tisa waliotawanyika kutoka Mombasa hadi Busia walikuwa wakimtegemea yeye awaponye. Alijua kwamba Chelel, mtamba wake, alikuwa na uchungu wa kuzaa. Alikuwa amemtazama asubuhi, akaona kiwele kimejaa na mkia hautulii, akajiambia kwamba huyu atazaa jioni. Vita vingekuwa vimekwisha kabla ya jioni.

"Linet, niongezee damu!" Oketch alipiga kelele kwenye masikio yake. Oketch alikuwa fundi wa friji kule Kisumu, lakini humo ndani ya gemu alikuwa jitu lenye ngao, la kusimama mbele na kupigwa kwa niaba ya wengine.

"Nimekuona. Shikilia hapo," Linet akajibu, vidole vikikimbia.

Alikuwa na shahada ya biashara kutoka chuo cha pale Chepkoilel na ng'ombe wanne katika ploti isiyo mbali na chuo hicho. Shahada haikumpa kazi, ng'ombe walimpa. Mumewe, Kipngetich, aliendesha trela ya kwenda Juba na alionekana nyumbani kwa msimu kama mahindi. Ni Kipngetich aliyemwonyesha gemu hiyo, Karimba, wakati wa ile mvua ya mwaka walipooana, wakicheza kwa zamu kwenye laptopu moja na kucheka mpaka chai inapoa. Baadaye Kipngetich akachoka. Linet hakuchoka. Alipanda leveli moja baada ya nyingine mpaka akafika ile ya juu kabisa, pale ambapo mtu angedhani gemu imekwisha.

Ndipo alipogundua kwamba haikwishi. Ukifika juu, kampuni yenye gemu inakupa vibarua. Wachezaji wenyewe ndivyo walivyoviita: uende msituni uue nguruwe wale wale wa jana, uchimbe madini yale yale, urudi ukabidhi, na kesho uanze upya. Kila aliyefanya kibarua chake aliwashiwa taa ndogo kando ya jina lake. Ukifanya mfululizo, taa inakua. Ukiruka siku moja, inazimika, na nguvu zako zinashuka nayo. Kila baada ya miezi michache msimu unafungwa, silaha zote ulizozihangaikia zinageuka kuwa takataka, na joka jipya linaletwa. Wengi walikuwa wakikata tamaa na kuondoka. Kadiri walivyoondoka, ndivyo kampuni ilivyozidisha vibarua ili waliobaki wasipate nafasi ya kufikiria.

Linet alikuwa kiongozi wa chama kilichoitwa Watu wa Baridi, jina alilolitoa kwa sababu ya asubuhi za Eldoret. Wakati mmoja kilikuwa na watu wengi hata wengine aliwasahau. Sasa walibaki kumi, na joka halikubali kupigwa na watu wachache kuliko kumi. Hilo lilimkosesha usingizi. Kampuni ilikuwa na taa zake za kuwashika watu, naye akatunga zake: kila Jumapili alisoma kwenye kikundi majina ya waliokosa vibarua. Waliochoka aliwakumbusha walivyosaidiwa walipokuwa wachanga. Walioomba ruhusa aliwauliza kama wanataka chama kife mikononi mwao.

Mmoja aliyemshinda ni Kituyi. Huyo hakuwahi kuongea, aliandika tu, polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka, na alipiga mishale vizuri sana. Miezi miwili nyuma aliandika kwamba anaondoka. Linet alimjibu mbele ya watu wote: "Wewe kijana huna nidhamu. Umekula jasho la wenzako na sasa unatoroka. Ukienda usirudi." Kituyi hakujibu. Jina lake likawa la kijivu kwenye orodha, na iliwachukua wiki nyingi kumpata mtu wa kuziba pengo.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya msimu. Saa kumi alasiri seva ingefungwa. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga mabati.

Chelel alilia mara ya pili. Mlio huu ulipenya mvua, ukapenya hedfoni, na haukuwa mlio ambao Linet aliwahi kuusikia kwa ng'ombe yeyote. Ulianza chini kama kawaida, kisha ukakwaruza na kukatika.

Mikono yake ilisimama.

"Mganga! Damu!" Oketch aliita. Ndivyo walivyomwita waliokuwa vitani, mganga, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuponya.

"Ng'ombe wangu anazaa," Linet alisema. "Hasikiki vizuri."

"Ng'ombe anajua kuzaa, bana! Hiyo joka imebaki robo!"

"Linet, dakika chache tu," akasema Wacera, msaidizi wake, mwalimu wa chekechea wa kule Nyeri. Sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Tafadhali. Tumekaa msimu mzima."

Linet alitazama skrini. Kweli, damu ya joka ilikuwa imebaki kipande. Aliwaona wote kumi wakiwa wamesimama katika duara walilolifanyia mazoezi jioni baada ya jioni, na akajua kwamba akitoka wataanguka mmoja baada ya mwingine. Alibaki. Aliponya mara moja, mara mbili, meno yameumana, sikio moja likiwa nje. Kutoka zizini hakukuja kitu. Kimya hicho ndicho kilichomwinua kwenye kiti. Alivua hedfoni akaitupa mezani, ikaendelea kupiga kelele ndogo ndogo pale kama kuku waliofungiwa, naye akatoka mbio kwenye mvua bila gambuti.

Chelel alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, shingo imenyooka, macho yametoka. Alisukuma, mwili mzima ukatetemeka, kisha akaacha. Chini ya mkia Linet aliona kwato moja, nyeupe na laini, na nyuma yake ncha ya pua. Ulimi wa ndama ulikuwa umetokeza kando, nao ulikuwa umeanza kuvimba. Alitafuta kwato ya pili. Haikuwepo.

Alimpigia daktari wa mifugo. Mteja hapatikani. Alikumbuka kwamba daktari alisema angekuwa Chepsaita kwenye chanjo, na kule milimani mtandao hupotea mvua ikinyesha. Akapiga tena. Mteja hapatikani. Akapiga nambari ya duka la dawa za mifugo, ikaita mpaka ikakatika.

"Mama Muchiri!" alipaza sauti juu ya ua. "Mama Muchiri, nisaidie!"

Jirani huyo, jina lake Virginia, aliyekuwa na duka la nafaka barabarani, alikuja akiwa amejifunika gunia kichwani. Alipofika zizini alishika kiuno. "Uuui. Huyu anakufa, Linet. Sisi tulikuwa na hii shida huko kwetu, mzee alivuta, akamrarua."

"Usivute! Usimguse kwanza!"

Linet alirudi ndani akikimbia, hajui anakimbilia nini. Kwenye skrini kila mtu alikuwa amekufa. Miili kumi ilikuwa imelala kuzunguka joka, ikiwemo ya kwake. Alivaa hedfoni huku maji yakimtiririka usoni, akakuta wanagombana.

"...huwezi kuwa kiongozi halafu unatoka katikati ya..."

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Nani hapo anajua ng'ombe? Mguu mmoja umetoka, mwingine hauko. Daktari hapatikani. Nani anajua?"

Halafu Wacera akasema, "Kituyi."

"Kituyi gani?"

"Kituyi wetu. Wa mishale. Alikuwa ofisa wa mifugo. Alikuwa anatuambia kwa kikundi, Linet, kila wakati. Hukuwa unasoma?"

Hakuwa anasoma. Alisoma orodha ya vibarua, basi.

"Uko na nambari yake?"

"Niko nayo. Nakutumia."

Nambari iliingia. Linet aliitazama kwa muda ambao hakuwa nao. Aliwaza yale maneno aliyoandika, wewe kijana, na aibu ikampanda shingoni pamoja na hofu. Ng'ombe akakoroma kule nje. Akapiga.

Iliita mara kadhaa. Kisha sauti ikaitika, nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu mzima hasa. "Haloo? Nani anaongea?"

Linet alidhani amekosea nambari. "Natafuta Kituyi."

"Ndiye mimi."

Hakuwa kijana. Alikuwa mzee wa rika la baba yake. Maneno yakamtoka Linet yote kwa pamoja. "Mzee, mimi ni Linet. Yule wa Watu wa Baridi. Najua nilikukosea. Mtamba wangu anazaa na ndama amekwama, naona pua na mguu mmoja, na daktari hapatikani. Tafadhali usikate simu."

Linet alisikia redio ikizungumza chumbani kwa mzee huyo, kisha akasikia redio ikizimwa.

"Ulimi una rangi gani?" Kituyi akauliza.

"Umevimba. Kama... kama wa samawati."

"Ubane kidogo. Anauvuta?"

Linet alikuwa ameshafika zizini. Aliubana kwa vidole. Ulisogea, kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. "Anauvuta!"

"Basi yuko hai. Sasa sikiliza, na usifanye haraka kuliko ninavyosema. Uko na mtu?"

"Niko na jirani."

"Ashike simu karibu nawe. Leta maji ya uvuguvugu, sabuni nyingi, na mafuta ya kupikia ambayo chupa haijafunguliwa. Toa pete na saa. Osha mkono mpaka begani. Na kamba mbili safi, laini, si zile za nailoni za kukata ngozi."

Virginia alikimbilia dukani kwake kuleta mafuta, akarudi pia na kamba za pamba alizofungia magunia, mpya kabisa. Linet alivua sweta, akaosha mkono, akajipaka mafuta. Mvua ilikuwa imeingia zizini upande mmoja na kufanya saruji iteleze. Alipiga magoti.

"Ndama ameukunja mguu mmoja nyuma," sauti ya Kituyi ilisema kutoka mkononi mwa Virginia. "Ukivuta sasa hivi utamkwamisha zaidi na utamuua mama. Lazima kwanza umrudishe ndani. Ngoja ng'ombe aache kusukuma. Akisukuma, wewe tulia. Akiacha, ndipo usukume kichwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Linet aliingiza mkono, na Chelel akasukuma. Mkono wa Linet ulibanwa kwenye mfupa hadi akalia kwa maumivu, lakini hakuutoa. Ng'ombe alipolegea, akasukuma paji la uso la ndama kwa kiganja. Halikusogea. Akasukuma tena, na likateleza nyuma, taratibu.

"Limerudi!"

"Vizuri. Sasa fuata shingo. Tafuta bega. Kutoka bega teremka mpaka goti."

Alifumba macho, kwa kuwa hayakuwa na kazi. Kulikuwa na joto ndani humo na kila kitu kilikuwa laini na kisicho na jina. Alishika kitu akadhani ni goti, kikawa sikio. Alianza upya. Chelel akasukuma, na Linet akangoja, shavu lake likiwa limelalia paja la ng'ombe, akisikia moyo wa mnyama ukipiga kama mtu anayegonga mlango. Hakujua ni dakika ngapi zilipita. Virginia alikuwa ameanza kuomba kwa Kikuyu.

"Nimepata goti, Mzee. Nimelipata!"

"Usilivute goti. Shuka mpaka kwato. Ifunike kwato yote kwa kiganja chako, kama mtu anayeficha yai. Ile ncha ikigusa tumbo la uzazi, italipasua. Goti lisukume juu na nje, kwato ilete kwako. Polepole."

Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Alijaribu, kwato ikamponyoka. Akajaribu tena na ikamponyoka tena, na mara hii akahisi machozi.

"Mzee, siwezi. Mkono hauna nguvu."

"Utoe. Pumzika kidogo. Badilisha mkono."

"Ng'ombe atakufa."

"Ukiharibu kwa kuchoka ndipo atakufa. Toa mkono, binti yangu. Pumua."

Alitoa mkono. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo kwa muda mrefu, wala yeye hakuwahi kumwambia mtu. Alipumua, akapaka mafuta mkono wa kushoto, akaingia. Alifuata njia ile ile, shingo, bega, goti. Kwato ikakaa kiganjani. Alisukuma goti, akakunja kifundo, akavuta, na ghafla mguu ukanyooka ukaja wote, laini, hadi ukasimama kando ya mwenzake.

"Imekuja!" Virginia alipiga kelele kabla yake. "Mzee, imekuja, ziko mbili!"

"Fungeni kamba juu ya vifundo. Vuteni tu ng'ombe akisukuma, mguu mmoja kwanza kisha wa pili, na mvute mkielekea chini. Msivute kama mnavuta gari."

Walivuta. Virginia alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono iliyozoea magunia, na alipojikita kwenye saruji hakuteleza. Kichwa kikatoka, kikakwama kwenye paji, kikapita. Mabega yakafuata. Kisha ndama mzima akamwagika mapajani mwa Linet pamoja na maji, akatulia hapo kama nguo iliyoloa.

Hakupumua.

"Hapumui, Mzee!"

"Futa pua na mdomo. Chukua unyasi, mtie puani, kwa ndani. Msugue kifua kwa nguvu. Mmwagie maji baridi sikioni."

Linet alisugua kwa sweta lake. Virginia alimwaga maji. Unyasi ukaingia puani mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu ndama alipiga chafya, kichwa kikaruka, na pumzi ikaingia kwa sauti ya karatasi inayochanika. Linet alikaa kitako kwenye maji akalia bila kujificha.

"Amepumua," Virginia akaiambia simu. "Amepumua, asante Yesu."

"Jike au dume?"

Virginia aliinua mguu akaangalia. "Ni dume. Lakini si bora mama yake ako hai."

Kituyi alicheka kwa mara ya kwanza. Aliwaeleza wapake dawa kwenye kitovu, ndama anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza, haraka iwezekanavyo, wangoje kondo ya nyuma itoke bila kuivuta, na wampe Chelel maji ya uvuguvugu. Linet alisikiliza kila neno. Mwisho alichukua simu mwenyewe, akatoka nayo mlangoni pa zizi.

"Mzee, yale maneno niliyokuandikia..."

"Niliyasoma."

"Nilikuita kijana."

"Hilo halikuniuma sana," Kituyi alisema. "Kuambiwa nimekula jasho la wenzangu ndiko kuliniuma. Mimi nilistaafu, Linet, nikaanza kucheza ili nipate watu wa kuongea nao. Baadaye nikaona naamka kufanya kibarua, mke wangu ananisemesha na mimi naangalia taa. Nikajiuliza, nani ameniajiri? Kampuni ilinitumia zawadi ili nirudi. Wewe ulinitumia matusi. Lakini nyote mlitaka kitu kimoja."

Linet alimshukuru, akamshukuru tena, mzee akamwambia aende akamtazame ng'ombe.

Aliporudi mezani seva ilikuwa imeshafungwa. Watu wa Baridi walikuwa wameporomoka kwenye msimamo wa vyama. Oketch alikuwa ameondoka na wawili pamoja naye, na aliacha maandishi marefu ambayo Linet aliyasoma yote, kwa kuwa mengi yalikuwa kweli. Siku iliyofuata, wakati wa kusoma majina ulipofika, aliwaandikia kwamba hatasoma majina tena. Asiyeweza vibarua asifanye. Anayetaka chama cha kupiga majoka akitafute, na yeye mwenyewe atamwombea nafasi. Wengine watatu wakaenda. Wacera akabaki, na wachache wengine.

Halikuwa jambo jepesi. Msimu mpya ulipofunguliwa, vidole vilimwasha. Asubuhi, akikamua, aliwaza nguruwe wa msituni ambao hakuna aliyewaua, na akaona vibaya kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Mara moja alishindwa akafanya kibarua, akakasirika na nafsi yake, akafunga laptopu kwa kishindo hadi Virginia akauliza ng'ambo ya ua kuna nini. Taratibu, mwasho ukapungua. Jumamosi walikutana, wale wachache, wakazurura kwenye mabonde ya leveli za chini ambako hakuna zawadi ya maana, wakipiga soga za wanafunzi wa Wacera.

Mwezi wa nane Kituyi alikuja Eldoret kununua mashine ya kukata nyasi, akapiga simu kuomba apite. Linet alipika chapati na kuku, akavaa nguo nzuri, akapanga maneno yake ya kuomba msamaha uso kwa uso. Aliyeteremka kwenye bodaboda alikuwa mzee mfupi, mwenye koti kubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu, Mzee," Linet alisema. "Nilitaka kwanza nikuambie..."

"Wako wapi?" Kituyi aliuliza, akiwa tayari amevua koti na anakunja mikono ya shati.

Alimpeleka zizini. Mzee aliinama akapapasa kiwele cha Chelel, akamtazama ndama kwenye meno, kisha akasugua kiatu chake kwenye saruji, mbele na nyuma, akatikisa kichwa.

"Hii sakafu inateleza sana," alisema. "Uko na jembe? Leta tuikwangue utelezi kabla hatujakula."

Linet akaenda kuleta jembe.